Ukungu Uko Kwenye Vioo Vyote

3 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti limetulia. Sisi hatujambo, na mjukuu wako Chiriku anaongea mpaka usingizini, tena tangu mama yake aondoke ndiyo kazidi. Chumba kizuri, kazi inakwenda. Simu ndiyo imekufa, kwa hiyo niandikie kupitia ofisini.

Gari linanisumbua, na fundi ninayemwamini ni wewe. Nikiwa barabarani hita inatoa joto. Nikisimama, injini ikiunguruma tu, matundu yanaleta hewa ya baridi utadhani nimefungua friji. Vioo navyo vinajaa ukungu. Baridi ya huku haina mchezo, mama.

Mwanao

11 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, halijapona wala halijafa. Fungua rejeta injini ikiwa imepoa. IKIWA IMEPOA, nakujua kwa haraka zako! Maji yatakuwa yamepungua na hewa imeingia kwenye mipira ya hita. Jaza, uwashe, uache kifuniko wazi mpaka mapovu yaishe.

Halafu nijibu kama mteja, usinifiche kitu. Huwa unasimama muda gani injini ikiwaka? Ukungu uko kwenye vioo vipi, ndani au nje? Kuna harufu?

Mama yako, fundi mstaafu asiyestaafu

19 Novemba

Mama,

Shikamoo. Mapovu yalitoka kama uji jikoni! Sasa joto lipo hata nikisimama masaa mawili matatu. Wewe ni kiboko.

Ukungu uko ndani, vioo vyote, mpaka cha nyuma. Asubuhi hata dari inadondosha maji. Harufu ipo, ya moshi, siyo kali. Kichwa hutugonga kidogo tukiamka, tukitoka nje kinaacha. Chiriku siku hizi analala fofofo, hata kuongea usingizini ameacha.

Mwanao

26 Novemba

Mwanangu,

Salamu baadaye. Nimesoma barua yako mara nne. Gari la kwendea kazini halidondoshi maji darini. Hizo ni pumzi za watu wawili waliolala humo mpaka kukakucha. Chumba hakuna, si ndiyo?

Bomba la moshi limetoboka chini ya gari, na feni inauvuta moshi ndani. Moshi huo hauchomi macho wala haukabi koo. Unamlaza mtu moja kwa moja, na mtoto ndiye anayetangulia. ZIMA INJINI. Laleni na baridi, teremsha kioo kidogo, mvalishe kila nguo uliyo nayo.

Joto hilo nimekutengenezea mimi kwa barua. Na ni mimi niliyekwambia usirudi kwangu mikono mitupu. Nilikosa, mwanangu. Rudini, hata bila viatu. Nijibu upesi.

Mama

4 Desemba

Mwanangu,

Sikuweza kungoja jibu lako. Nimesafiri siku mbili, niko hapa langoni kazini kwako. Mlinzi anasema barua yangu alikupa mkononi juzi, lakini leo hujaonekana. Namwachia karatasi hii ampe yeyote atakayekuulizia. Siondoki. Nimekaa kwenye benchi lake. Niambie tu mko wapi.

Mama

4 Desemba, mchana

Mama,

Shikamoo. Anayekuletea hii ni mfagiaji wa maegesho tunakolala. Ndiye aliyevunja kioo cha gari leo asubuhi akatutoa. Nilimtuma kazini akaniombee ruhusa, akarudi na karatasi yako. Tuko hospitali. Chiriku alikuwa haamki, mama. Sasa amefumbua macho, ametapika, ameniita.

Nilikutii. Usiku wa kwanza sikuwasha kabisa. Jana akaniambia, baba, miguu siisikii. Nikasema dakika kumi tu apate joto, kisha nazima. Nikasinzia.

Daktari ameniuliza mara mbili mtoto anaishi wapi. Nimeshindwa kumtazama. Njoo umjibu wewe.

Mwanao