Shikamoo Zilizonichosha Mabibo

Mume wangu mpenzi, Baba Kalunde,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi kutoka huku Mabibo, ambako joto halina adabu hata kidogo. Mgongo wako unaendeleaje? Mama mkwe bado anakohoa, au zile dawa zimemsaidia? Na watoto je, wanaoga bila kufukuzwa? Mimi ni mzima, na mara hii nasema kweli, si kama siku ile kwenye simu nilipokuambia uje unichukue.

Siku ile hukunihoji sana, nikashukuru. Ila simu inakatisha maneno, ndiyo maana nimeona niandike. Mdogo wako anapanda basi la Nzega kesho, atakuletea.

Hapa hosteli chumba chetu kina watu wanne, na hao wenzangu watatu wote ni mabinti wa kuwazaa. Si wakorofi hata kidogo. Adabu yao ndiyo iliyokuwa inaniua. Nikifumbua macho, shikamoo. Nikitoka kuoga, shikamoo. Nikigusa ndoo, nimeshanyang'anywa. Nikiwa bado nje nawasikia wanapiga muziki na kucheka. Nikiingia tu, muziki unazimwa, kila mtu anajifanya anasoma, halafu mmoja mmoja anaponyoka kwenda kuchekea koridoni. Darasani hivyo hivyo. Mwalimu wa semina, kijana wa juzi tu, anawakosoa wenzangu mpaka wanatoka jasho, lakini mimi hata nikikosea ananiambia, "Asante mama, umesema vizuri." Sasa hapo mtu anajifunza nini? Nilikuwa nakula peke yangu, nasoma peke yangu, na chuo kizima kinaniheshimu. Miaka yote niliyofundisha shule ya msingi sijawahi kuwa mpweke kiasi kile. Ndipo nikakupigia.

Kilichonizuia kufunga mizigo ni samaki.

Mchana mmoja nilikuwa nakula chumbani, Mama mkwe akapiga simu, nikazungumza naye Kinyamwezi. Mwanahawa, mmoja wa wale mabinti watatu, Mzaramo ambaye kwao ni Chanika, akageuka.

"Shikamoo. Samahani mama, hiyo lugha gani?"

"Kinyamwezi."

"Kinyamwezi!" Akaja, akaninyakulia samaki kwenye sahani, akajibwaga kitandani kwangu. "Yaani siku zote hizi mie nampa shikamoo mpagazi wangu! Babu zako si ndio walitubebea mizigo mpaka Pwani? Hebu kaniletee maji ya kunawa, mtani!"

Doreen, mwenzetu mwingine wa chumbani, binti wa Mbeya, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kwao hawana utani wa makabila na sisi kama walio nao Wazaramo, akadhani leo mtu atapigwa. Mimi, Baba Kalunde, nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu nishuke basi. Nikamjibu, "Mzaramo wewe, jua liko utosini ndiyo unaamka, jana ulikuwa kwenye ngoma ya nani?" Chumba kizima kikaangua kicheko, na mara hii nami nilikuwemo.

Tangu hapo muziki hauzimwi. Shikamoo wananipa moja ya asubuhi, inatosha, na wakishanipa wanabaki chumbani. Doreen alikuwa hali chakula vizuri tangu afeli jaribio. Juzijuzi akaja mwenyewe kukaa kitandani kwangu akanieleza yote. Sasa tunasoma pamoja, na nikikosea ananisahihisha bila huruma.

Halafu wiki iliyopita malaria ikaniangusha. Mwanahawa ndiye aliyenishika mkono mpaka zahanati, akinitukana njia nzima. "Tembea, mpagazi! Babu zako walitoka Tabora kwa miguu na pembe za ndovu kichwani, wewe zahanati hiyo hapo inakushinda?" Watu wa foleni walitukodolea macho, na mama mmoja akamkemea kwamba hana adabu kwa mzazi wake. Nilipojilaza kwenye benchi kusubiri dawa, akanifunika kanga yake, akainama sikioni.

"Usife, mtani. Ukifa mie mtani wako ndio itabidi nizuie jeneza mpaka wafiwa wanilipe, kama desturi, na wiki ijayo nina mtihani."

Akageukia ukutani upesi, akajifuta machozi. Mimi yangu sikuyafuta, niliyaacha yatiririke.

Basi usije kunichukua. Kama hujakwenda kwa mwalimu mkuu kumwambia narudi kazini, usiende. Kama umekwenda, rudi ukamwambie mkeo amepata watu na anabaki mpaka amalize.

Msalimie sana Mama mkwe, mwambie simu yake ile ilinipa dawa. Msalimie Kalunde, binti yetu mkubwa, asiwapikie wadogo zake ugali mbichi. Na dada yako, wifi yangu mpenzi, mwambie namkumbuka.

Mwanahawa amesimama nyuma yangu anasoma kila ninachoandika. Anasema mpagazi sasa ni wake, na ukimtaka uje Chanika na mbuzi wa kumkomboa. Nakuomba, mume wangu, mbuzi usimlete.

Mkeo akupendaye daima,
Mama Kalunde