Sauti ya Kwanza

Kaka yangu Fiacre,

Natumaini mvua imewafikia huko Makamba. Sisi hapa Rooty Hill, Sydney, tu wazima, na binti yangu Keza amepata kazi ya kutunza wazee Parramatta.

Uliuliza kama bado tunakutana Jumamosi kuimba kwa noti za do-re-mi, kama baba alivyotufundisha kwenye kambi ya wakimbizi. Tunakutana, ila tulikuwa arobaini na sasa tumebaki wanne, kila sauti mtu mmoja. Vijana wanasoma maneno kwenye simu, noti hawazitaki. Sauti ya kwanza naiimba peke yangu.

Alhamisi nitafanyiwa upasuaji wa rovu, huu uvimbe wa shingoni. Daktari ameniambia, "Sauti inaweza isirudi ilivyokuwa." Wenzangu sijawaambia. Juzi nilikosea mara mbili, na Mzee Vénérand, anayeimba besi, akaniuliza, "Nibigira, unaumwa?"

Nikamjibu ni mafua tu.

"Basi pona haraka, mama. Ukinyamaza wewe, kwaya tunaifunga."

Nisipokupigia Ijumaa, usidhani nimekufa. Nitakuwa nimekaa kitandani, naogopa kuijaribu do.

Dada yako akupendaye,
Nibigira