Mapendo Atakunywa Uji Wangu

Chang'ombe, Temeke

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu umepunguza kuvimba na wote hapo Ujiji mnaamka salama. Mie na mkwe wako tu wazima. Tumbo limeshuka, na nesi wa kliniki anasema nijiandae. Nakuandikia kwa sababu jana kwenye simu nilikujibu "sawa, mama" nikakata, na haikuwa sawa hata kidogo.

Nina wivu, niseme tu. Tangu mimba ikiwa changa tulikubaliana uje unikande kwa maji ya moto na kunipikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini iishe. Mkwe wako ameshakununulia godoro. Jana ukaniambia huji, kwa kuwa Mapendo naye anajifungua mwezi huu na hana mtu. Mapendo huyo aliyevuka ziwa kukimbia vita Kongo, ukampa chumba changu, kisha shuka zangu, na sasa nasikia anakuita mama mbele ya watu sokoni. Mie unaniachia mama mkwe, ambaye uji wake una mabonge.

Usiseme sina huruma. Kazi yangu unaijua. Kutwa nazunguka Tandale na Buguruni na huu utafiti wetu, nawauliza wanawake waliokimbia vita ya miaka na miaka afya zao zikoje: presha, usingizi, uzazi. Wakilia nawashika mkono. Nikirudi nyumbani namchukia mmoja tu, aliye jikoni kwako.

Leo asubuhi nilikuwa Buguruni kwa mama mmoja Mkongo anayesuka nywele. Watoto wake wote amewazaa ukimbizini, na mgongo wake haujakaa sawa tangu hapo. Nikamuuliza ni kitu gani kilimuumiza zaidi. Nilitegemea ataje risasi au njaa. Aliendelea kusuka, kisha akasema, "Vita tulizoea, dada. Kuzaa pasipo mama, hiyo haijapona."

Akaangalia tumbo langu, akauliza mama yangu anafika lini. Nikamwambia yuko njiani. Alifurahi kweli kwa ajili yangu, nami nikaona aibu.

Nimeshinda na maneno yake. Mie nina mume, nina wifi zangu, na huyo mama mkwe na mabonge yake. Mapendo ana wewe tu. Basi baki, mama. Mkande vizuri, hasa mgongo, hata akilalamika. Wivu haujaisha na sitaki kukudanganya. Ila arobaini yake ikiisha tu, panda treni.

Nisalimie baba mdogo Kassimu, mwambie apunguze sigara, na shangazi Tatu anayekutekea maji. Na huyo Mapendo msalimie pia, Mungu amjalie ajifungue salama. Mtoto wake atakuita bibi, siwezi kuzuia. Lakini mwambie mapema kwamba bibi huyo ni wa kuazima.

Ni mie, wa tumbo lako mwenyewe,
Tausi