Mteja wa Mawengi Ambaye Hayupo

Jumapili, mwezi wa saba. Makambako leo ni upepo mtupu, ule unaoingia mpaka kwenye mifupa. Nimerudi kutoka kanisani na sweta mbili mwilini na bado natetemeka, ila sidanganyi, si baridi peke yake. Ni simu niliyopigiwa jana mchana.

Ngoja niandike yote, labda nitapumua.

Mnaonisoma hapa mnajua natengeneza makreti ya mbao ya kubebea parachichi. Karakana iko nyuma ya nyumba, nina mafundi wawili, na randa napiga mwenyewe. Wateja ninaowataka si watu wa sokoni. Ni wenye maghala ya kufungashia matunda kule Njombe mjini, wanaochukua makreti mia kwa mkupuo. Watu hao hawapiti barabarani kusoma kibao changu. Wanakutana kwenye jukwaa la mtandaoni la wafungashaji na wasafirishaji wa matunda, wanaulizana habari za malori, vyumba vya baridi na wadudu. Nikajiunga mwaka jana.

Na nilianza vizuri jamani. Kanuni ya pale ni kwamba unajitambulisha, unasema wazi unauza nini, kisha unasaidia watu. Kupiga debe hakuruhusiwi. Nikasaidia. Mtu akiuliza kwa nini ubao unapinda, namjibu mpaka na picha. Wakaanza kuniita dada wa mbao. Wakanishukuru, wakaniwekea vidole gumba, halafu wakaenda kununua makreti kwa watu wengine.

Hapo ndipo nikaharibu.

Kwetu, ibada ikiisha, sadaka za mazao zinanadiwa nje ya kanisa. Ukileta kuku, kaka yako ndiye wa kwanza kupandisha bei, shemeji yako anaongeza, watu wanacheka, kuku anaondoka kwa bei ya mbuzi. Hakuna anayeuita huo udanganyifu, maana wote pale tunajua nani ni ndugu wa nani. Nimekua hivyo. Kwa hiyo nilipomwomba kaka yangu Eliya ajiunge na jukwaa, ajiite mfungashaji wa Mawengi, aandike kwamba makreti ya dada wa mbao hayana mpinzani, sikuona dhambi. Nilimwambia tu anichangamshie mnada.

Eliya ni fundi pikipiki. Mawengi kafika mara moja maishani, kwenye msiba.

Lakini aliandika, msemaji yule, mpaka mimi mwenyewe nikatamani kununua. Na jukwaani hakuna aliyejua kuwa ni ndugu yangu.

Jana mchana akanipigia Bwana Mlowe. Ana ghala kubwa Njombe, na neno lake pale jukwaani linasikilizwa. Tukasalimiana, kamwene, habari za baridi, habari za nyumbani. Akasema anafikiria kunipa oda ya msimu mzima. Nikakaa juu ya rundo la mbao. Bila oda hiyo, fundi Josia anarudi kwao Bulongwa, na ana watoto watatu. Kisha Mlowe akasema, taratibu kabisa, "Ila dada, kabla sijaamua, nipatie namba ya yule bwana wa Mawengi. Nataka kumsikia mwenyewe."

Nikasema sawa.

Nilisema sawa, mimi mtu mzima.

Leo baada ya ibada Eliya ananiambia nisihangaike, nimpe Mlowe namba yake, yeye atajua la kusema. Eti ameshajifunza hata parachichi linavyochubuka. Nilicheka. Halafu nikashtuka kwamba nimecheka. Hofu yangu si kwamba Eliya atashindwa. Naogopa ataweza, na mimi nitaishi msimu mzima nikiomba Mlowe asipite Mawengi.

Mteja wa kweli niliyempata jukwaani ni mmoja tu, Mama Tumaini wa Lupembe, mwenye parachichi pembeni ya mashamba ya chai. Mwezi wa nne alichukua makreti sitini. Mbao zilikuwa hazijakauka na nilijua. Mvua ilikuwa haijakatika, nami nikawa na haraka. Yakapinda, misumari ikachomoza, matunda yake yakachubuka. Mimi huyo huyo ninayefundisha watu kukausha mbao! Nilimtengenezea mengine yote, nikampelekea mwenyewe, nimepanda lori linalofuata majani ya chai. Aliyapokea, akanipa uji, hakusema zuri wala baya. Mpaka leo sijui ananisemaje.

Saa nane mchana nikachukua simu, nikaandika jukwaani: "Yule wa Mawengi ni kaka yangu. Hajawahi kutumia kreti langu hata moja. Nilimtuma mimi. Naomba radhi." Nikabonyeza kabla sijaanza kujihurumia.

Hazikupita dakika kumi, msimamizi akanifungia nisiandike mwezi mzima. Mmoja wa wale niliokuwa nawasaidia sana aliandika neno moja tu, "Kumbe." Limeniuma kuliko adhabu yenyewe.

Bwana Mlowe nikamwandikia pembeni. Nikamtumia namba ya Mama Tumaini na kumweleza makreti yalivyopinda. Kisha akajibu kwa kifupi kwamba atampigia kesho asubuhi.

Tangu hapo sijatulia. Nimeishika simu mara tatu nimpigie Mama Tumaini. Shikamoo mama, kesho utapigiwa na mtu, tafadhali nisitiri. Sentensi moja tu. Eliya anasema huo si uongo, ni ustaarabu. Na ninavyojijua, ningeanza na salamu na kumaliza nikimpangia la kusema.

Nimeifuta namba yake kwenye simu, hata ule ujumbe niliomtumia Mlowe nimeufuta upande wangu. Sina pengine nilipoiandika. Sijui kama nimefanya ushujaa au upuuzi.

Kesho asubuhi watu wawili watanizungumzia, mmoja Njombe, mwingine Lupembe, na mimi sitakuwepo. Sijui hata Josia nimwambie aje kazini au asubiri kwanza.