Ukuta Usiofika Juu

Tarehe 9 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu mvua za mwaka jana. Kila nikishika kalamu, Bonge naye anaishika, na kalamu ni moja. Goti lako linaendeleaje? Bado wanakukalisha kwenye kile kiti kisicho na mgongo huko kiwanda cha nguo? Sisi wazima. Mjukuu wako ana meno mawili na ameshaning'ata nayo. Baba yake bado analinda ghala usiku na kulala mchana, mimi bado nafua nguo za watu, kwa hiyo ukiona mwandiko unapinda ujue nimesinzia.

Nina habari. Unakumbuka nesi wa zahanati alituita kwenye mafunzo ya wazazi wenye watoto wadogo? Nimemaliza, na nesi amenichagua mimi niwafundishe wazazi wa uani kwetu! Mimi, Mama, niliyeishia darasa la saba. Tunakutana Alhamisi jioni kwenye chumba kilichokuwa stoo ya zahanati. Nafundisha kwamba akili ya mtoto inajengeka sana miaka hii ya mwanzo, kabla hata hajaijua shule. Kwamba chakula peke yake hakitoshi, anataka pia kuchezewa, kuangaliwa usoni, kujibiwa anapoguna. Somo kubwa ni kumsemesha. Unamwambia kila unachofanya: "Sasa mama anakuvua shati. Sasa mkono huu. Haya, maji ya vuguvugu hayo." Hata kama hajui kujibu.

Wameanza wazazi kumi na wanne, wote akina mama. Mwezi wa tano atakuja msimamizi wa mafunzo. Akikuta darasa linaendelea, nitakuwa mwelimishaji kamili na chumba kitabaki chetu. Akikuta limekufa, ndoo na mifagio inarudi humo, na mimi narudi kwenye beseni.

Bintiyo,
Mama Bonge


Tarehe 1 Machi

Binti yangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa zile barua ulizosahau kuandika. Goti linauma likitaka. Kiti kimepata mgongo: nimekisogeza ukutani.

Hilo somo lako nimelisoma mara mbili. Mtoto wa miezi minane anaambiwa "sasa mkono huu"? Mkono si anauona? Wewe ulikulia chini ya meza ya cherehani, hakuna aliyekutangazia kitu, na mdomo ukaupata, tena wa kutosha. Mtoto akizoea kusemeshwa kama mtu mzima, kesho atataka na kiti cha mtu mzima.

Lakini nimewaambia wote hapa kiwandani kwamba binti yangu ni mwalimu. Fundi mkuu akauliza, "Mwalimu wa nini?" Nikamwambia, "Wa wazazi. Angezaliwa mapema, hata mama yako angefaidika." Hakunisemesha hadi jioni. Kwa hiyo fundisha vizuri, mimi nimeshatangaza.

Nibusie Bonge. Mwambie busu ni la bibi, maana siku hizi anaambiwa kila kitu.

Mama yako


Tarehe 28 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limetulia? Bonge anatambaa, na akifika mlangoni anageuka kuangalia kama nimeona. Yeye mzima. Mimi siko sawa, nisikufiche.

Unajua nyumba yetu ilivyo: vyumba vimepangana, na kuta za kati hazifiki juu. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, cha nne wanamwambia pole. Sasa mimi niliwaambia akina mama wamwambie mtoto kila kitu. Wakamwambia kila kitu.

Mama Pacha alikuwa anawaogesha mapacha wake. "Sasa mama anapaka sabuni. Sasa mama anasuuza. Halafu mama atatia chumvi kwenye maharage, ile iliyobaki, maana jirani kaazima tena na kurudisha hajui." Jirani mwenyewe ni mke wa fundi viatu. Naye akamgeukia binti yake: "Mwanangu, umesikia sauti hiyo? Hiyo ni sauti ya mtu aliyekaa na sufuria yetu tangu harusi. Sema su-fu-ria." Wakaendelea hivyo, Mama, kila mmoja akiongea na mwanawe tu, kwa upole kabisa kama nilivyofundisha, na uani watu hoi kwa kicheko.

Na mimi nilicheka. Mpaka mke wa fundi alipoongeza: "Na huyu aliyelala hapa ni baba. Ukilia, anageukia ukutani. Hajui hata ukicheka unakuwaje." Kicheko kikakatika. Fundi alikuwa macho. Na uani wote tulikuwa tumesikia.

Kesho yake akamkataza mkewe kukanyaga darasani. Waume wengine wakafuata. Wanaliita darasa la umbeya. Alhamisi iliyopita tulikuwa mimi, Mama Pacha na mapacha. Nesi hakunilaumu, ila alipita na ndoo, akawa anaangalia pembeni pa kuiweka.

Nimezunguka kwa akina mama wote, mlango kwa mlango. Wananipa pole, halafu hawaji.

Bintiyo,
Mama Bonge


Tarehe 10 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Nimecheka hadi sindano ikaniingia kidoleni. Nilipofika pale kwa fundi viatu nikaacha kucheka.

Hilo somo nilidhani ni upuuzi. Lingekuwa upuuzi lisingemuuma mwanamume mzima namna hiyo.

Sasa nijibu. Umezunguka kwa wake wote. Kwa fundi mwenyewe umekwenda? Yeye si mzazi? Au hayo mafunzo ya wazazi ni ya mzazi mmoja? Nenda mchana, kwenye meza yake ya kazi, watu wakiona. Radhi umwombe, lakini usijikunje. Wewe ni mwalimu, na watu nimeshawatangazia.

Mama yako


Tarehe 24 Mei

Binti yangu,

Hujambo? Bonge hajambo? Mwezi unaisha na barua sijaiona. Msimamizi alikuja? Fundi mkuu ananiuliza kila asubuhi, kwa ile adabu yake ya kuudhi. Jana nimemwambia umefaulu. Sasa fanya nisiwe nimesema uongo.

Mama yako


Tarehe 3 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe tena. Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara mtu anagonga mlango kumtafuta mwalimu. Mwalimu ni mimi. Hukusema uongo.

Nilikwenda kwa fundi mchana, Bonge mgongoni, watu wakiona. Nikamwambia, "Shemeji, nimekuja kukuomba radhi, na nimekuja kukugombeza. Chagua tuanze na lipi."

"Anza na radhi. La pili utanikuta nimeshaondoka."

"Na kiatu cha mteja mkononi?"

Radhi nilimwomba kweli. Nilimwambia kosa ni langu, sikufundisha vizuri: mtoto anaambiwa kilicho mbele ya macho yake, mambo ya watu tunayameza. Kisha nikamuuliza, "Lakini alichosema mkeo ni uongo?" Akagonga msumari. Baadaye akasema, "Wangu bado mdogo. Hasikii kitu." Nikamwambia, "Huyu wangu na wako umri mmoja, na ulipogonga amegeuka kukuangalia." Akamtazama Bonge. Nikaaga nikaondoka. Nilikuwa nimechoka, na nguo za watu zilikuwa zinanisubiri.

Jumapili yake mchana, uani kumetulia, tukasikia sauti kutoka chumbani kwao, kubwa kama ya mnadani: "HUYU NI BABA! BABA ANASHONA KIATU! HII INAITWA SOLI!" Alikuwa anatuambia sisi, Mama, si mtoto. Anasafisha jina. Mama Pacha akaninong'oneza, "Huyo anahutubia." Akaendelea na kisigino, akaja kwenye gundi, "USILE GUNDI!" Ndipo mtoto akacheka, kile kicheko kinachotoka tumboni. Fundi akanyamaza. Aliporudi kusema, sauti ilikuwa ndogo. Hatukusikia neno hata moja, na hakuna aliyetega sikio.

Wiki iliyofuata Baba Pacha, yule muuza mkaa, akaona hawezi kushindwa na mshona viatu. Chumba cha pili kikajibu. Siku hizi jioni uani kwetu ni kama shule ya wanaume: huyu anataja vidole vya mguu, yule anaigiza paka, mwingine hajui kuigiza paka lakini hakati tamaa. Mke wa fundi alikuwa wa kwanza kurudi darasani, na kumbe nyuma yake kulikuwa na fundi mwenyewe.

Msimamizi alipofika alikuta wazazi kumi na tisa, watano wao wanaume wamebeba watoto. Akashangaa. "Kwingine kote akina baba wanakataa. Hawa nani kawaleta?"

Fundi akajibu, "Ukuta."

Watu wakaangua kicheko. Alipoona yule mama msimamizi hajaelewa, akasimama. "Na shemeji huyu. Alinigombeza kwa heshima."

Mama, nilitazama chini kwa sababu macho yangu yalishajaa. Nimepewa uelimishaji kamili, chumba ni chetu, na mwezi ujao naanza kuwafunza wale watakaofundisha nyua nyingine. Nimechoka kama zamani, lakini nikilala nalala nikitabasamu. Mwambie fundi mkuu hivyo hivyo, usipunguze.

Bintiyo,
Mwalimu

Ninavyohitaji bado, ukipata mtu wa kumpa mzigo:

Mabaki ya vitambaa vya rangi kali, ya kushonea mipira na wanasesere. Vya kujazia tunavyo.

Uzi mgumu, ule wa jinzi, kwa sababu mapacha wanang'ata.

Vifungo usitume hata kimoja, watavimeza.

Shuka kubwa moja ya kutandika sakafuni, isiyochuja rangi.

Mbeleko tano, ndefu kuliko za kawaida, za migongo ya wanaume. Ya fundi viatu isiwe na maua. Ya Baba Pacha iwe pana ya kuwabeba wawili, na yeye maua anayataka.