Maji Kwanza, Chai Baadaye

Jumanne, Kitengela. Jua limeamka mapema, na upepo umeleta vumbi lote la barabarani kwenye nguo nilizoanika. Nimeziangalia tu. Leo hakuna cha kunikasirisha.

Majibu ya damu yametoka vizuri.

Mwaka jana sikuandika hapa kwa miezi mingi. Tulipoteza mimba ya kwanza, nami nikakosa maneno. Nilipobeba hii ya pili niliogopa hata kuisema kwa sauti. Nilikuwa mchovu ajabu, nywele zinabaki kwenye kitana, nasikia baridi wakati wengine wanajipepea. Nikasema mimba ndivyo zilivyo.

Siku ya kwanza kliniki, nesi wetu, Sista Mueni, alitazama sweta yangu, akatazama jua nje, akaanza kuniuliza maswali. Aliposikia habari ya mwaka jana, akaandika nipimwe pia tezi ya shingoni, ile inayoitwa thairoidi. Nikanung'unika moyoni: kwani shingo na mtoto wana undugu gani? Wanao. Tezi yangu ilikuwa imezembea, na miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto huitegemea hiyo ya mama. Je, ndiyo iliyotupokonya yule wa kwanza? Daktari alisema huenda. Hilo "huenda" nililibeba mpaka nyumbani.

Nikapewa tembe, moja kila asubuhi. Wiki nne baadaye nikarudi kupimwa. Namba hazikuwa zimesonga. Nililia pale pale kwenye benchi.

"Unazimezanga na nini?" Sista akauliza.

"Na chai."

"Ya maziwa ama turungi?"

"Ai Sista, kwetu turungi ni ya mtu anaumwa na tumbo."

"Na zile za kuongeza damu?"

"Zote pamoja. Nimalizane nazo."

Akashika kichwa. Maziwa na zile tembe za damu huizuia dawa ya tezi isiingie mwilini vizuri. Natakiwa kuimeza kwa maji matupu kabla ya kula, chai ingoje saa nzima, za damu zingoje mchana. Pengine nilielezwa siku ile ya kwanza. Woga ulikuwa umeniziba masikio.

Kazi ikawa kumwambia Mami, mama mkwe wangu. Alikuja kutoka Nyeri tulipopoteza mtoto, na tangu hapo kila saa kumi na mbili asubuhi hunibishia mlango na kikombe cha chai nzito ya maziwa. Ndiyo pole yake, hana nyingine. Nilizungukazunguka wee, mwishowe nikasema.

Akauliza kwa sauti ndogo: "Kwa hivyo ni mimi nilikuwa naumiza mtoto?"

Nikamwambia hapana, Mami, hakuna aliyejua. Sidhani aliniamini.

Asubuhi iliyofuata alibisha saa ile ile. Kikombe kile kile, ndani maji. Akakaa kando ya kitanda akiangalia saa kwenye simu yake, mpaka saa nzima ikaisha ndipo akaniletea chai. Amefanya hivyo kila siku, bila kukosa hata moja.

Leo nimemkuta ananingoja getini.

"Sema."

"Dawa imeshika, Mami. Na moyo wa mtoto unapiga vizuri."

Ameketi kwenye ngazi, akamshukuru Mungu kwa Kikuyu, halafu akaniomba nimpikie chai. Nimemtania: saa tano hii, kwani ile ya asubuhi haikutosha? Ameniambia hakuinywa, wala ya jana.

Hajaonja chai tangu siku ile nilipomwambia. Huyu mwanamke ambaye hasalimiani na mtu kabla ya kikombe cha kwanza! Nami kila asubuhi nilikunywa yangu mbele yake, nisione kwamba mikono yake ni mitupu.

"Mtoto hakuwa anapata dawa juu ya chai yangu," amesema. "Ningeinywa aje?"

Nimeipika mwenyewe, maziwa mengi. Amemaliza vikombe vitatu, nami nimelia kidogo nikikoroga changu.

Kesho saa kumi na mbili, vikombe viwili vya maji. Kisha viwili vya chai.