Kondishena Iliyotoka Kwenye Gari Lako

Kwako Baba Zuhura,

Nimekaa kwenye kiti chako, kile cha plastiki ulichokuwa ukikivuta karibu na dirisha kila Jumapili ili unifumue nywele. Nina maswali. Unanijua, mimi sikosi maswali, na kukuzika hakujanizuia kukuuliza. Kubwa kuliko yote ni la ile chupa. Nimelibeba tangu wiki ya msiba, nimekaa nalo eda nzima bila kumwambia mtu, na kuna siku nilishindwa kukuombea dua vizuri kwa sababu yake.

Shemeji Athumani, mdogo wako, ndiye aliyeleta vitu vyako kutoka kwenye gari uliloliacha kazini Midrand siku kifua kilipokubana. Alinipangia mezani kimoja kimoja: koti la mvua, jeki, miwani ya jua, msala wako. Chini kabisa ya mfuko kulikuwa na chupa kubwa ya kondishena imebaki robo, na kichwa cha chupa ya maji kilichokatwa kwa kisu, kile mnachotumia nyie madereva kumiminia oili. Shemeji alipoiona kondishena aliinamisha macho, akajifanya anakunja koti. Mimi nikasoma lebo. Ya nywele zilizoharibika, imeandikwa, zilizopakwa rangi au kutiwa dawa.

Sasa niambie wewe. Nywele zangu hazijaonja dawa tangu unioe. Rangi sijui inafananaje kichwani mwangu. Zuhura naye namtunza vilevile. Wewe mwenyewe ulikuwa na kipara kinachong'aa tangu Tanga. Kondishena ilikuwa ya nani?

Mtu mwingine angesema chupa ni chupa tu. Mimi nasuka watu Doornfontein, mkate wetu umetoka kwenye vichwa vya watu. Ukinionyesha kondishena ya mtu nitakuambia kichwa chake kikoje. Mwenye nywele zenye afya anatafuta nyepesi, ya kulainisha tu, kitana kipite. Anayenunua ile nzito ya kuzipa nguvu ni mtu ambaye nywele zimemshinda, amezipiga pasi, amezibadilisha rangi mpaka zikachoka. Sikuifungua, maana mwenye eda hachezei manukato. Lakini nilikuwa nimeshamwona mwenye chupa. Nilimwona mpaka ncha zake zilivyopasuka.

Na alikuja msibani, au mimi niliamua kwamba ni yeye. Yule mama wa ofisini kwenu mwenye nywele za rangi ya shaba. Nilimtazama nywele kabla ya uso. Zilikuwa kavu, zimesimama, zinaomba msaada. Akanishika mikono miwili akalia kuliko dada zako, akaniambia, "Salehe alikuwa anakuzungumzia kila siku." Nikasema moyoni, alinizungumzia kwa nani, wapi, na kwa sababu gani? Nikamshukuru kwa kuja, nikamwonyesha waliko wanawake wenzake. Usiku wa hitima nililia, Baba Zuhura, na sijui kama nilikulilia wewe au nilijililia mimi.

Nikaanza kurudi nyuma, kuzipitia Jumapili zetu moja baada ya nyingine. Unakumbuka tulivyoanza? Tulipohama Tanga kuja mji huu wa ugenini sikumwamini mtu na kichwa changu. Kujisuka nilijisuka mwenyewe, mbele kwa kioo, nyuma kwa kupapasa. Kufumua ndiko kulikonichosha mikono, ukasema, "Nipe mimi, kwani kufumua kunataka chuo?" Ukajifunza. Ulikuwa unakaa nyuma yangu na kile kitana chenye mkia, redio inaongea, Zuhura anacheka kwamba baba yake ni fundi wa saluni. Na nilikuwa nimekupa sharti moja: nywele zinazotoka uziokote zote, usiache hata unywele mmoja ukazagaa, kwa sababu sijui nani anapita humu ndani na nani ananitakia nini. Ulizifunga kwenye gazeti, ukaenda kuzichoma mwenyewe uani. Hukuwahi kunionyesha. Wala sikuwahi kukuomba.

Halafu nikakumbuka lile swali lako. Nilikuwa naosha makopo ya saluni, wewe umeegemea mlango unakunywa chai. Ukaniuliza, kama vile unauliza bei ya vitunguu, "Hivi mtu akiwa na nywele nzima mbele, lakini nyuma zinakatika, anatumia kondishena ipi?"

Nikageuka. "Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Mtu wa wapi?"

"Aa, Mama Zuhura, wa kazini. Watu wanajua mke wangu ni fundi, wananiuliza."

Nikakujibu, maana ufundi ukiulizwa hauwezi kunyamaza. Nikasema huyo mtu asiende kuitia ile ya nywele zilizoharibika kichwa kizima, zile nzima zitakakamaa nazo zianze kukatika. Achanganye nusu kwa nusu na ile nyepesi. Apake kuanzia katikati kwenda nchani, akae nayo kidogo, asuuze vizuri. Na aache kusuka kwa kuvuta. Ukatikisa kichwa taratibu, ukarudia, "Nusu kwa nusu," mdomoni mwako kama mtoto anayetumwa dukani. Siku ile nilicheka. Wakati wa eda sikucheka hata kidogo. Nilijiambia, angalia mwanamume huyu, alikuja kuchukua ushauri kwangu akampelekee mwenzangu.

Kuna jambo jingine ambalo nililiweka pembeni. Miezi ile ile, kondishena yangu ya bafuni ilianza kunitia wasiwasi. Ilikuwa haiishi. Natumia, natumia, chupa iko pale pale. Tena imekuwa nzito, na harufu imegeuka. Nikaenda kwenye duka la vipodozi la kona nikamwambia yule muuzaji kwamba anachakachua bidhaa. Akanitazama kwa huruma. "Mama, mwizi gani anaongeza?" Nikamwambia sidanganyiki, nikahamia duka jingine mbele ya robot, zile taa za barabarani. Nilikusimulia jioni ile nikiwa nimepandwa na hasira. Ukasema, "Duka hilo usilirudie, Mama Zuhura," ukaingia bafuni ukakaa humo muda mrefu. Hilo nalo nilikuja kulihesabu dhidi yako.

Nimetoka eda sasa. Kichwani nilikuwa na twende kilioni tu, zile za haraka nilizojisukia baada ya mazishi, na hamu ya kujifumua sina, na mtu wa kunifumua hayupo. Nikafanya kitu ambacho hukuwahi kukiona. Nilimpa kichwa changu Mama Gloire. Ndiyo, huyu huyu wa Lubumbashi ninayechangia naye chumba cha saluni, ambaye siku zote nimesema ana macho ya kuchunguza mambo ya watu. Nikakaa, nikamwambia nywele zitakazotoka anipe mimi mwenyewe mkononi.

Alifumua mbele vizuri. Alipofika kisogoni akasimama.

"Mama Zuhura, hii nywele ya huku nyuma iko inakatika, eh! Haujuaka?"

Nikamwambia aache maneno yake. Nywele zangu? Kichwa hiki ndicho bango la saluni, wateja wanaingia kwa sababu yake. Nikajua anataka kuninyang'anya wateja.  Alichukua simu akapiga picha, akanipa.

Sikukitambua kisogo changu. Huku chini, kofia ya sufu inapokaa wakati wa baridi na ninapovuta sana nikisuka kwa kupapasa, palikuwa pamekatika pote. Mimi vidole vyangu vilikuwa vikigusa zile fupifupi, nikidhani ni malaika za kawaida. Miaka mingapi sijui. Mbele kote pazima, nyuma pamebomoka. Nilitamani kuificha ile simu chini ya aproni.

Lakini Mama Gloire alikuwa bado anachambua kwa kitana. "Tazama hapa," akasema. "Kuko mpya, yenye nguvu. Ilikuwa imeanza kupona, halafu ikaachwa. Uliacha dawa gani?"

"Sikuwa na dawa."

"Ilikuwako. Nywele haipone bure hivi."

Baba Zuhura, niliinuka na kichwa nusu. Nilipita barabarani hivyo hivyo, mtandio umeshikwa mkononi, mimi ambaye sijawahi kutoka nje bila kujitazama kwenye kioo. Nyumbani nikatoa ile chupa ya gari, nikaifungua kwa mara ya kwanza, nikainusa: lozi. Kisha nikainusa ya bafuni. Kisha nikachukua kile kichwa cha chupa ya maji na kukiweka puani. Hakikunuka oili. Kilinuka lozi, na chini ya lozi nazi ya kondishena yangu.

Nilikaa sakafuni bafuni. Mtu wa kazini. Mtu tu. Mbele nzima, nyuma zinakatika. Nusu kwa nusu.

Nimekasirika, usidhani sijakasirika. Kwa nini hukusema? Najua kwa nini. Mara moja tu uliwahi kuniambia, "Hapa juu ya sikio naona pamepungua," na nikakununia mpaka wageni walipokuja nikalazimika kuzungumza nawe. Ungeniambia kuhusu kisogo, ningesema umetumwa. Ungeniletea chupa, ningeitupa, ningekuuliza umeona kwa nani nywele zilizoharibika mpaka unijie na chupa yake. Hivyo ukaamua kuiba ndani ya nyumba yako kwa kuongeza, ukiimimina ya gari ndani ya chupa yangu ya bafuni. Ukayachoma yale magazeti uani peke yako, nisione yalivyojaa. Umefanya hivyo Jumapili ngapi, ukirudi unanawa mikono unasema, "Tayari, malkia"?

Na huyo mama wa nywele za shaba, nadhani sasa ndiye uliyemwuliza jina la kondishena. Nadhani. Nilimpigia simu kumshukuru kwa kuja msibani, akacheka kidogo, akasema ulimpeleka dukani ukamchosha kwa maswali. Eti ulitaka isiyo na harufu kali, "mke wangu ananusa sana." Nikamshukuru. Nikamwambia pia apunguze rangi, nywele zake zinakatika. Bado simwelewi vizuri, lakini nimempa miadi.

Jana ilikuwa Jumapili. Zuhura alivuta hiki kiti mwenyewe. Huyu mtoto ninayemsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, jana alikaa nyuma yangu, akashika kitana chenye mkia, akaanza pale Mama Gloire alipoishia. Nilikuwa nimeshachanganya, nusu kwa nusu, kwa kile kichwa cha chupa chako. Nikamwaga kidogo. Nikamuuliza, "Unaona nini huko nyuma? Niambie ukweli, usinifiche."

Kitana kikasimama. Nilidhani anatafuta maneno. Kumbe analia.

"Baba alinionyesha," akasema, kwa Kiswahili chote. "Alisema asipokuwepo niendelee mimi, lakini nisikuambie. Nilikuwa nakusubiri utoke eda."

Kwa hiyo mlikuwa wawili. Nyumba nzima inanilia njama, mimi nanusa chupa tu. Nilimwambia akaze moyo aendelee, na akusanye zilizotoka. Akazifunga kwenye gazeti, akasimama kwenda uani. Nikamwita, nikamwambia alete hapa nione. Akaja, akakunjua gazeti mapajani mwangu. Zilikuwa chache, Baba Zuhura. Nilizihesabu ili nihakikishe hamnidanganyi.

Pumzika sasa, fundi wangu. Mungu akupe nuru huko uliko. Na kama kuna kitu kingine ulinificha kwa namna hii, usihangaike kukiungama, mimi nitaendelea kukitafuta ndani ya nyumba hii mpaka nikipate.

Mkeo anayekushuku bado,
Mama Zuhura